Aliye Hoi Zaidi

Jioni ile ile simu ilipopigwa, Bi Mdogo akaanza kuchechemea.

Asubuhi alikuwa ameteka maji bila shida, amekata kuni bila shida, na mchana alikuwa amemkimbiza mbuzi wa jirani mpaka kwenye uzio huku akimtukania ukoo wake wote. Lakini simu ni simu. Ilipigwa kwa Mama Duka, mwenye kibanda cha sabuni na mafuta ya taa, maana ndiye pekee upande ule aliyekuwa na simu inayokaa na chaji. Aliyepiga ni Fundi, mtoto wa marehemu kaka yao Bi Mdogo na dada yake, anayetengeneza majokofu mjini. Mama Duka akaweka sauti ya juu ili wazee wasikie vizuri, na yeye mwenyewe asikie vizuri zaidi.

"Shangazi zangu," Fundi akasema, "nimezungumza na mke wangu. Kile chumba cha uani mpangaji ametoka. Lakini ni kidogo, kinaingia kitanda kimoja tu. Ijumaa nakuja na gari kumchukua mmoja wenu. Aliye hoi zaidi."

"Kina taa?" Bi Mdogo akauliza.

"Kina taa, shangazi. Na bomba liko pale pale mlangoni."

"Na bati?"

"Bati jipya."

Bi Mdogo hakuuliza tena. Alipoinuka kwenye benchi la kibandani, mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshapata ugonjwa.

"He! Bi Mdogo, mguu vipi? Ulikuja nao mzima," Mama Duka akasema.

"Umenianza siku nyingi. Ila mimi si mtu wa kulalamika."

Mama Duka alicheka mpaka akashika kaunta.

Watu wa pale waliwaita Bi Mkubwa na Bi Mdogo, na mgeni aliyesikia hivyo alidhani ni wake wenza waliofiwa na mume. Akikaa nao siku mbili alizidi kuamini. Kumbe ni ndugu, tumbo moja, ziwa moja. Mkubwa aliolewa akarudi, mdogo hakuolewa wala hakwenda popote, na uzee ukawakuta wote katika nyumba ya baba yao, kitanda kimoja, blanketi moja, na bati lililotoboka juu ya ubavu wa Bi Mdogo. Upande wa ukutani, upande mkavu, ulikuwa wa Bi Mkubwa. Kwa nini? Kwa sababu ni mkubwa. Bi Mdogo alilisikia jibu hilo tangu hajaota meno. Sasa meno yameshaondoka, jibu bado lipo.

Usiku huo alikohoa kwa bidii, kisha akatega sikio. Alijua dada yake naye atatoa ugonjwa wake. Labda mgongo. Labda presha, maana presha haionekani na haina wa kuibishia. Akangoja. Upande wa ukutani kulikuwa na pumzi za mtu aliyelala salama salimini.


Asubuhi alimkuta Bi Mkubwa ameshaamka anafagia uwanja, tena anaimba.

"Leo umeamka na nguvu, dada."

"Mimi chuma, mdogo wangu. Fundi akija nitamwambia akuchukue wewe. Mguu huo si wa kuachwa huku."

Hapo ndipo wivu ulipomshika Bi Mdogo sawasawa. Angepigana na mgongo, angepigana na presha. Lakini utapigana vipi na mtu anayekuachia? Hakuna mtu anayekataa chumba chenye taa hivi hivi tu. Ule ni mchezo. Dada yake anajitoa ili abembelezwe, Fundi amwone hana makuu, aseme, "Jamani shangazi mkubwa, moyo wake dhahabu, huyu ndiye wa kukaa na watoto wangu." Na yeye Bi Mdogo abaki hapa na mguu wake wa bandia.

Tena si bure. Dada alikuwa amebadilika siku hizi, amekuwa na maringo. Akimimina chai anatumbukiza kidole kwenye kikombe cha mwenzake, kama vile anamwonjea mtoto. Majuzi walipishana kwenye njia ya kisimani, Bi Mkubwa akapita kimya, pua juu, utadhani anampita jiwe. Sokoni haendi mpaka amtangulize Bi Mdogo na kumwekea mkono begani, bibi mkubwa na kijakazi wake. Ndani ya nyumba akitaka kitu chochote ni "nipe" na "nisogezee," ilhali kiko mbele ya pua yake. Na kubwa kuliko yote, alikuwa amekataa kusuka rangi. Mikeka ya maua ndiyo iliyowapa jina, ndiyo iliyokuwa ikigombewa sokoni; yeye ghafla, "Siku hizi watu wanataka myeupe." Watu gani? Hajawahi kuwataja.

Kazi yao ilikuwa hiyo. Bi Mkubwa alisuka ukili, ule utepe mrefu wa majani ya ukindu, na Bi Mdogo alizishona tepe hizo ubavu kwa ubavu mpaka zikawa mkeka. Mkono wa Bi Mkubwa ulikaza zaidi upande wa kushoto, ukili wake ukawa unapinda kidogo kama mtu anayesikiliza. Sindano ya Bi Mdogo ilishajua kuuvuta ukanyooka. Walishajaribu kufanya kazi na watu wengine. Mikeka ilitoka imepinda, ikakaa sakafuni kama inataka kuondoka.

Mchana Fundi akapiga tena. Mke wake alikuwa na ombi dogo. Kwa kuwa gari linakuja, wamtilie na mkeka wa sebuleni, wenye maua mekundu na meusi, ule wa zamani ambao wageni wataulizia.

"Mweupe unapendeza zaidi," Bi Mkubwa akasema haraka.

"Mwenyewe anataka maua," Bi Mdogo akamkata. Kisha akaiegemea simu. "Atapata maua, mwanangu. Mwambie shangazi mdogo ndiye aliyekubali."

Fundi akaomba kuongea na shangazi mkubwa. Wakaongea, wakacheka, Bi Mkubwa akamuuliza habari za mtoto mmoja mmoja kwa majina yao yote, mpaka Mama Duka akaanza kuitazama chaji. Bi Mdogo alisimama pembeni na mguu wake. Hakuna aliyeuulizia.


Siku iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Walikaa ndani, sufuria likipokea matone juu ya kitanda upande ule wa siku zote. Bi Mdogo alikuwa amenunua rangi ya unga kwa mkopo, amechemsha ukindu, ameanika juu ya moshi. Bi Mkubwa alitaka mafungu yapangwe kwa utaratibu: mwekundu kulia kwake, mweusi kushoto, mweupe mapajani.

"Hivyo hivyo, usibadilishe. Nisije nikapoteza muda kutafuta."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Bi Mkubwa akausugua ule mwekundu kati ya vidole, akaunusa. "Umeiva huu?"

"Umeiva kama lile gauni lako."

"Gauni gani?"

"Kuna gauni gani jingine? Tulipata gauni moja jekundu katika maisha yetu, na ulilipata wewe. Mama alilishona kwa kipimo chako."

"Nilikuwa mkubwa."

"Nilijua utasema hivyo! Umelivaa wee, umelivaa, mimi nalitazama kama mbwa wa bucha. Likaja kunifikia limepauka."

"Lilipauka upande gani?" Bi Mkubwa akauliza. Vidole vyake havikusimama.

"Upande gani ndiyo nini? Kupauka ni kupauka. Wala hukujua kulivaa. Unaligeuza nje ndani, mishono yote iko hadharani, nyuzi zinaning'inia. Watoto wenzetu walinicheka kwa ajili yako. 'Dada yako chizi, havai nguo inavyovaliwa.' Na mimi nikacheka nao."

"Najua ulicheka. Nilikusikia."

"Sasa?"

"Sasa nini? Nilikuwa na sababu yangu. Nisogezee mkasi."

Mkasi ulikuwa mbele ya goti lake. Bi Mdogo aliutazama mkasi, akamtazama dada yake, akausogeza kwa kidole kimoja, kwa dharau, kama anayemtupia kuku punje. Kisha akatoka kusimama mlangoni, akaitazama mvua. Kichwani mwake akamwona Bi Mkubwa amekaa chini ya taa ya umeme, wajukuu wa kaka yake wamemzunguka, anawasimulia habari za gauni jekundu. Anasimulia vizuri pia, mjinga huyu. Daima alisimulia vizuri.

Pale pale wazo likamjia, baya, tamu. Bi Mkubwa alipotoka kwenda chooni, akipapasa ukuta wa nyumba kama kawaida yake siku hizi kwa kuogopa utelezi, Bi Mdogo akachukua yale mafungu. Mweusi akauweka kulia. Mwekundu akauweka kushoto. Kisha akaona haitoshi, akachomoa nyuzi za huku akazichomeka kule, mpaka kila fungu likawa pilau. Atakaporudi atapiga makelele. Atapoteza nusu siku kuchambua. Mkeka utachelewa, na Fundi atakapouliza, ataambiwa nani alikuwa hasuki.

Bi Mkubwa akarudi, akaketi, akapeleka mkono kulia.

Bi Mdogo akainamia sindano yake, akangoja makelele.

Makelele hayakuja. Ilikuja sauti ya ukindu ukisuguana, na baada ya muda ukaja wimbo. Bi Mkubwa alisuka mpaka mvua ikapungua, akasuka mpaka ikakatika, mwishowe akautandaza ukili mapajani na kuupapasa toka mwanzo hadi mwisho.

"Hebu ona ua hilo lilivyokaa, mdogo wangu. Nilidhani nimesahau."

Bi Mdogo akaona. Hapakuwa na ua. Palikuwa na mwekundu umeangukia kwenye mweusi, mweusi umerukia kwenye mweupe, kama kitu kilichosukwa na kuku. Kicheko kilimpanda mpaka kooni. Kikakwama hapo.

Aliinua mkono wake wenye sindano, akausogeza polepole mpaka karibu na uso wa dada yake. Macho ya Bi Mkubwa hayakuwa na kasoro. Yalikuwa yale yale meusi mazuri ambayo watu waliyasifia wakiwa wasichana, huku Bi Mdogo amesimama pembeni na yake ya kawaida. Sindano ikafika. Macho yale yaliendelea kutazama mlangoni, yakingoja sifa.

"Limekaaje?" Bi Mkubwa akauliza.

"Limekaa vizuri, dada," akasema Bi Mdogo.


Alitoka nje, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu wa bandia umenyooshwa mbele yake bila kazi. Akakumbuka kidole kwenye chai. Kilikuwa kinapima kikombe kisimwagike. Akakumbuka njia ya kisimani, mkono begani sokoni, nisogezee hiki nisogezee kile. Mkono unaopapasa ukuta wa nyumba. Mikeka myeupe.

Mtu mwingine angelia. Bi Mdogo alihisi macho yakimwuma kidogo, lakini kabla chozi halijatoka lilitanguliwa na hasira. Yaani hata hapa! Yeye amehangaika na mguu, amekohoa mpaka mbavu zimemwuma, kumbe mwenzake amekaa kimya na ugonjwa wa maana, mkubwa kuliko wake. Fundi alisema aliye hoi zaidi. Akijua, safari imekwisha. Atachukuliwa Bi Mkubwa, na bado watu watamsifu kwa kuwa alificha.

Basi asijue. Nani wa kumwambia? Mwenye macho hataki kusema, asiye na macho hataki kusema. Bi Mdogo akarudi ndani, akaushona ule ukili wa kuku katikati kabisa ya mkeka, kati ya tepe nyeupe zilizokuwa tayari, mshono wa nguvu, midomo ameibana. Usiku hakukohoa. Hakukuwa na haja tena.


Ijumaa Fundi alifika na pikapu ya kukodi na dereva wake, mwenyewe shati jeupe, harufu ya sabuni ya kunukia. Aliingia ndani, akatafuta pa kukaa, akakitazama kitanda chenye sufuria juu yake, akaamua kusimama. Aliletewa chai. Bi Mkubwa aliimimina mwenyewe, kidole ukingoni mwa kikombe, na Bi Mdogo akamwona Fundi akiitazama ile chai kisha akiiweka kwenye kizingiti, taratibu, kama mtu aliyeshiba.

"Mke wangu anawasalimu sana. Anasema tu..." Akajikuna shingo. "Si kwa ubaya. Anasema mtu atakayekuja asiwe wa kusumbua sana. Yeye naye anashinda kazini."

"Mchukue mdogo wangu," Bi Mkubwa akasema. "Hasumbui. Unaona mwenyewe anavyochechemea."

Bi Mdogo akachechemea mpaka mlangoni ili aonekane. Mama Duka, ambaye alikuwa amekuja kuaga tangu asubuhi na mapema, akakunja uso.

"Bi Mdogo, si ulikuwa wa kushoto?"

"Umehamia."

"Ahaa. Pole. Kumbe na wenyewe unahama leo."

Bi Mkubwa alikuwa ameshamfungia mzigo. Ulikuwa mdogo, maana vitu vyenyewe vichache, lakini Bi Mdogo alipoushika aliona uzito ambao haukuwa wake. Akaufungua kidogo kwenye ncha. Blanketi. Blanketi lao moja, limekunjwa vizuri chini ya nguo.

"Dada, hili la nini?"

"Mjini kuna baridi."

"Na wewe?"

"Mimi nina upande mkavu."

Akatabasamu alipokwisha kusema hivyo, tabasamu la mtu aliyeshinda. Bi Mdogo akalifunga lile fundo kwa nguvu. Haya! Hata blanketi! Ananishinda kwa ukubwa, ananishinda kwa macho, ananishinda kwa upofu, sasa ananishinda kwa wema. Akapanda kwenye pikapu bila kuaga vizuri, akakaa mbele kati ya Fundi na dereva, mkeka umeviringishwa nyuma. Moyoni anajiambia: taa, bomba, bati jipya.

Gari lilikuwa limeelekea kichochoroni, upande wa choo. Dereva akarudi nyuma, akakata kona, akalizungusha mpaka upande wa barabara, kule kwingine kabisa. Bi Mdogo akageuza shingo aone nyumba mara ya mwisho.

Bi Mkubwa alikuwa amesimama uwanjani, mgongo wima, akipunga mkono. Anapunga kwa nguvu, kwa furaha, uso wote unacheka. Alikuwa anapungia choo.

Anapungia pale gari lilipokuwa. Mama Duka aliyesimama kando yake alikuwa ameacha kucheka.

"Simamisha," Bi Mdogo akasema.

"Umesahau kitu, shangazi?"

"Simamisha gari, nimesema!"

Alimruka Fundi magotini, akateremka, akatembea. Alitembea kama alivyomfuata yule mbuzi, miguu yote miwili.

"Shangazi! Mguu umepona?"

"Umepona." Akageuka, akaja karibu na dirisha, akashusha sauti. "Ulisema aliye hoi zaidi, au siyo? Basi mtazame. Haoni. Shangazi yako haoni hata mkono wake. Mchukue yeye."

Fundi akatazama. Bi Mkubwa bado alikuwa anakipungia choo. Na Bi Mdogo, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa kusoma nyuso za watu waliopewa kilicho bora, akausoma uso wa kijana huyu neno kwa neno. Alikuwa amekuja kuchukua mgonjwa, ndiyo. Lakini si mgonjwa kiasi hicho.

"Asiyeona kabisa?" Fundi akauliza. "Shangazi... kule kwangu kuna ngazi. Kuna jiko la gesi, watoto wanaacha vitu njiani. Mke wangu... Hapana, hilo kwanza nilizungumze nyumbani. Wewe panda, twende. Wewe huna tatizo."

"Mimi sina tatizo?"

"Mguu si umepona?"

Dereva akakohoa kicheko. Bi Mdogo aliitazama ile nafasi yake kwenye kiti, bado ina joto lake. Angeweza kupanda. Hakuna ambaye angemlaumu, na yule pale uwanjani angelaumu kuliko wote akirudi.

Na hilo ndilo lililomkata maini. Akienda, dada yake atakaa hapa gizani, bila blanketi, na kila atakayepita ataambiwa: nilimwachia mdogo wangu. Ataambiwa Mama Duka, ataambiwa wateja, ataambiwa mbuzi. Na yeye Bi Mdogo chini ya taa yake atakuwa ni yule aliyeachiwa, mpaka kufa. Hapana. Safari hii hampi ushindi huo.

"Nipe mzigo wangu," akasema.

Fundi alibembeleza, kwa maneno. Lakini uso wake ulikuwa umeshafunguka, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana, na alipokuwa anasema "nitarudi, shangazi, Mungu akipenda, nikishazungumza nyumbani," mkono wake ulikuwa umeshamgusa dereva begani.


"Nani huyo?" Bi Mkubwa akauliza aliposikia hatua. "Gari limeharibika?"

"Shusha mkono. Unapungia choo."

Mkono ukashuka. Mama Duka akakumbuka kwamba kibanda chake kiko wazi, akaondoka.

"Nani kakuomba urudi?" Bi Mkubwa akafoka. "Mjinga wewe! Chumba kina taa! Kina bomba! Nimekaa kimya mwaka na nusu, nimesuka mikeka myeupe kama sanda, ili usijue, na siku moja, siku moja tu ya kupata..."

"Taa ya nini? Nikae chini ya taa nimtazame mke wa Fundi?"

"Umejua lini?"

"Juzi. Nilikuchanganyia ukindu."

"Ulinichanganyia?"

"Kwa makusudi. Ili usuke vibaya."

Bi Mdogo alingoja kofi. Alikuwa tayari kwa kofi, lingekuwa haki yake na lingemfariji.

"Kwa hiyo ule mkeka wa sebuleni..."

"Umekwenda. Katikati yake mbuzi anatapika."

Kwanza mabega ya Bi Mkubwa yakacheza. Kisha akakaa chini pale pale kwenye tope, akacheka mpaka machozi yakamtoka kwenye yale macho mazuri yasiyo na kazi. "Na wageni wakiulizia?"

"Atasema ndiyo mtindo wa siku hizi."

Walicheka wote wawili, kila mmoja akijaribu kumaliza wa mwisho.

Jioni walikaa mlangoni, mwanga bado upo. Palikuwa na rangi iliyobaki na ukindu uliobaki, na deni la unga wa rangi lilikuwa halijali nani amesafiri. Bi Mdogo aliketi mbele ya dada yake na kumpa nyuzi moja moja, akizitaja. Mwekundu. Mweupe. Mweupe. Mweusi. Ukili ukaanza kutoa ua.

"Lile gauni," Bi Mkubwa akasema ghafla. "Jua lilikuwa linakula rangi. Nikaona nikilivaa sawasawa litakufikia tambara. Ndiyo maana nililigeuza. Jua likale upande wa ndani."

Bi Mdogo alishika uzi hewani. Alilikumbuka. Alilikumbuka siku alipolipokea, akalipekua kutafuta ubaya, akakuta kwa ndani limekuwa jeupe kama jivu, na kwa nje... Na hakujiuliza. Mwili wake mzima wa kitoto aliutumia kukasirika, haukubaki wa kujiuliza.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungefurahi? Ungenionea wivu tu."

"Hata sasa nakuonea."

"Najua. Nipe uzi, mkono mtupu." Akaupokea, akauzungusha kati ya vidole. "Rangi gani huu?"

Bi Mdogo aliutazama muda mrefu, mrefu kuliko rangi ile ilivyohitaji.

"Mwekundu."

"Mwekundu wa lile gauni?"

"Wa lile gauni," akasema. "Upande wa nje."